Mgema wa Vibuyu Viwili: Maisha na Kazi ya Paul Laurence Dunbar



Tarehe 27 Juni 1896, siku aliyotimiza miaka 24, Paul Laurence Dunbar alipata zawadi iliyomtesa hadi kufa kwake. William Dean Howells, mhakiki ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa Marekani, alimsifu katika jarida la Harper's Weekly. Kijana wa Dayton, Ohio, aliyekuwa ameendesha lifti kwa dola 4 kwa wiki, akajulikana nchi nzima. Wahenga walituonya kuhusu mgema akisifiwa. Huyu wa leo alikuwa na vibuyu viwili: kimoja kikasifiwa mno, cha pili watu wakakataa hata kukionja.

Wazazi wake, Joshua na Matilda, walikuwa watumwa Kentucky. Baba alitoroka, akaja kupigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mama alifua nguo za watu ili mtoto asome, na nyumbani alimsimulia habari za zamani kwa lugha ya kule zilikotoka. Sekondari, Paul alikuwa mweusi pekee darasani. Alisoma na Orville Wright, yule wa ndege, na mwaka 1890 akina Wright ndio waliomchapia gazeti lake, Dayton Tattler, lililokufa mapema kwa ukata. Alipomaliza shule alibisha hodi maofisini na magazetini. Kwa rangi yake, mlango uliofunguka ulikuwa wa lifti.

Humo ndani ya lifti ndimo napenda kumtazama. Kati ya abiria mmoja na mwingine alisoma na kuandika. Mwishoni mwa 1892 alitoa diwani yake ya kwanza, Oak and Ivy, kwa deni la dola 125 kwa mchapaji. Kila nakala aliiuza dola moja, na wanunuzi wake wa kwanza walikuwa abiria haohao, waliopanda naye ghorofani wakashuka na kitabu. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, mzee Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri, alimpa kazi katika banda la Haiti.

Kitabu alichokisifu Howells kilikuwa cha pili, Majors and Minors. Ndani yake mashairi mengi yalikuwa ya Kiingereza sanifu. Yale ya lahaja ya weusi wa Kusini aliyatenga sehemu yake. Howells akaamua kwamba ya sanifu ni mazuri lakini hata wengine wangeyaweza, na kwamba Dunbar halisi yumo kwenye lahaja. Wahariri wakaifanya hukumu hiyo kuwa sheria.

Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuwe waangalifu. Kwetu Kiamu na Kimvita vilibeba tenzi na mashairi ya Muyaka muda mrefu kabla Kiunguja hakijafanywa msingi wa Kiswahili sanifu; mshairi akitia Kimvita humwoni mjinga, humwona fundi. Lakini lahaja ya Dunbar ilikuwa imeporwa. Waandishi weupe waliitumia kumchora mtumwa mchekeshaji anayemlilia bwana wake, na waigizaji walijipaka masizi wakaivaa jukwaani. Tena haikuwa hata lugha ya Dunbar ya kila siku. Sehemu aliisikia kwa wazee wake, sehemu aliisoma kwa watungaji kama James Whitcomb Riley, mzungu wa Indiana. Ilikuwa ufundi, lakini msomaji aliiona kama maumbile.

Na ndani ya ufundi huo alificha sindano. Katika shairi mojawapo yumo mhubiri anayewasimulia watumwa habari za Musa na Farao, na kila akikaribia jambo lenyewe anaapa kwamba anasema ya kale tu, asije akanukuliwa. Waliotaka kucheka walicheka.

Machi 1897, akiwa London, Dunbar aliandika katika barua kwamba Howells amemdhuru kwa namna isiyorekebishika. Mwaka huohuo akaajiriwa Maktaba ya Bunge, Washington. Mkewe, mwandishi Alice Ruth Moore, alieleza baadaye kwamba nondo za chuma za rafu za pale, katika joto na vumbi la vitabu, ndizo zilizomwonyesha ndege wa tunduni wa shairi la "Sympathy". Ni katika shairi hilo mwandishi Maya Angelou alichota jina la tawasifu yake ya 1969.

Riwaya zilikuwa njia yake ya kutoroka. The Uncalled, ya 1898, ina wahusika weupe, na sitawadanganya: inachosha. Lakini katika The Sport of the Gods, ya 1902, alipiga penyewe. Berry Hamilton, mtumishi mwaminifu wa Kusini, anasingiziwa wizi na kufungwa. Familia yake inakimbilia New York, mji unaowatafuna: kijana anakuwa mlevi na muuaji, binti anaingia jukwaani, mke anaolewa na mcheza kamari. Berry anapoachiwa, yeye na mkewe wanarudiana, wanarudi kwenye kibanda chao cha zamani, karibu na nyumba ya bwana aliyemfunga, na usiku wanasikia mayowe yake, maana ameshapata wazimu. Shamba la furaha la wale waandishi weupe ndilo hili.

Tusimsafishe Dunbar. Kifua kikuu kilimshika, pombe aliyoifanya dawa ikamshinda, na alikuwa akimpiga Alice. Mwaka 1902, baada ya kipigo kikali, Alice aliondoka, wala barua za kuomba radhi hazikumrudisha.

Dunbar alirudi Dayton, akamnunulia mama nyumba, na humo akafariki tarehe 9 Februari 1906, akiwa na miaka 33. Mama Matilda aliishi mle hadi 1934, na chumba cha kuandikia akakiacha jinsi mwanawe alivyokiacha.