Chui wa Inchi Ni wa Nani?



Sisi makarani wa mgodi tunaona kichwa cha chui kila siku juu ya karatasi za Serikali. Tunaandika, tunapiga mhuri, tunapita. Leo tuulizane: mnyama huyu wa pori alifikaje pale?

Kwanza tujue kwamba mnyama hawi alama kwa sababu tu anaishi katika inchi. Wabelgiji walitutawala wakiwa na simba juu ya ngao yao, na kule kwao hakuna simba porini. Watu ndio wanaochagua.

Sisi tulimpata chui kwa wazee wetu. Kwa makabila mengi ya Kongo ngozi yake haikuwa ya kila mtu. Mwindaji aliyeua chui aliipeleka kwa sultani, kwani ilikuwa nguo ya utawala.

Shida iliingia hapo hapo. Mobutu, aliyeshika utawala mwaka 1965, aliivaa ngozi hiyo kichwani kama kofia, na chui akachorwa pamoja naye juu ya noti. Watu wakazoea kuona mnyama na mtu mmoja kuwa kitu kimoja. Lakini wachezaji wetu wa mpira nao waliitwa Chui. Walishinda Kombe la Afrika mwaka 1968 kule Addis Ababa, na tena mwaka 1974 kule Cairo. Furaha ile haikuwa ya mtu mmoja.

Mobutu alipoanguka mwaka 1997, chui aliwekwa kando, na timu ikaitwa Simba. Mwaka 2006 Katiba ikamrudisha: kichwa cha chui, pembe ya ndovu upande mmoja, mkuki upande mwingine, vyote juu ya jiwe. Maneno ya taifa ni Haki, Amani, Kazi.

Basi, wandugu, sultani wa leo ni nani? Katiba hiyo hiyo inasema mamlaka ya inchi ni ya raia. Kama ni hivyo, ngozi si ya kichwa cha mkubwa yeyote. Na chui mwenyewe aachwe hai porini, kwani hatuwezi kumheshimu kwenye mhuri na kununua ngozi yake sokoni.

Chui ni wetu sote, pamoja na jiwe lililo chini yake, ambalo sisi watu wa mgodi tunajua uzito wake. Atakayetaka kumvaa peke yake, tumwambie bila woga: vua, mzee, hiyo ni mali ya watu.