Tulipie Chama Chetu Wenyewe

(Hotuba ya mwenezi wa chama mbele ya wanachama wa tawi, Kariakoo, Dar es Salaam)



Leo hatukuja kupigiana makofi. Tumekuja kuamua jambo moja. Kodi ya chumba hiki haijalipwa kwa miezi minne, na mwenye nyumba amekwisha kutuma mtu mara mbili. Sasa bwana mmoja anayetaka kugombea ameleta habari kwamba yuko tayari kulipa deni lote, na kodi ya mwaka mzima mbele, na fulana kwa vijana, na kanga kwa kila mama. Hakusema anataka nini. Baadhi yetu wamefurahi, nasi hatuwalaumu, maana deni ni fedheha. Lakini kabla ya kunyosha mikono twaomba mtusikilize. Sisi twaona kwamba jambo hili la kodi ya chumba, na lile la mgonjwa kuambiwa akanunue dawa nje, ni jambo moja.

Kila mara fedha za Serikali zinapopungua, watu wanaambiwa wafunge mkanda. Neno hilo si baya. Nyumba isiyo na fedha hupunguza matumizi, na nchi vivyo hivyo. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba hesabu ya kutoa haikamiliki mpaka uulize: unatoa kutoka wapi? Basi nasi twauliza: mkanda unaofungwa ni wa nani?

Tazameni yaliyopita. Mwaka 1986 nchi yetu ilitia saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hazina ilikuwa tupu, hilo ni kweli. Lakini matumizi yalipopunguzwa, mzigo ulishuka ngazi mpaka chini. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kulipa katika hospitali za Serikali, na jambo hilo likapewa jina zuri, kuchangia huduma. Katika shule za msingi kukawa na ada na michango ya kila namna. Mzazi mwenye watoto wanne akalazimika kuchagua nani aende shule na nani abaki. Ada ya shule za msingi ilipofutwa katika bajeti ya mwaka 2001, madarasa yalifurika mpaka watoto wakakaa chini sakafuni. Watoto wale hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwapo majumbani siku zote, wakingoja.

Tazameni na ya juzi. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Hapa kwetu watumishi wa afya walioajiriwa kwa fedha za misaada hiyo waliambiwa kazi imekwisha, na wenye kuishi na virusi vya Ukimwi wakaingiwa na hofu juu ya huduma zao. Mwezi uliofuata Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake mpaka asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo mwaka 2027. Hatuna haki ya kushangaa. Anayetoa ndiye anayeweza kuacha kutoa. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi kwamba asilimia 15 ya bajeti zao itakwenda katika afya. Lau ahadi ile ingetimizwa, neno la Washington lisingetutetemesha namna ile.

Wapo watakaosema kwamba mkanda daima hufungwa kwa mnyonge, ndivyo dunia ilivyo. Si kweli, maana katika nchi hii hii umewahi kufungwa kuanzia juu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na katika malalamiko yao walitaja mishahara ya wakubwa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanafunzi zaidi ya mia tatu. Hatukuja leo kuhukumu kufukuzwa kule. Lakini siku ile ile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mawaziri na maofisa wakubwa nao wakapunguziwa. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Kiongozi akakatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Mengi ya siasa ile yaweza kubishaniwa, na sisi twakubali yabishaniwe. Lakini shabaha ya masharti yale ilikuwa wazi: anayepanga matumizi ya umma asiwe na mfuko mwingine unaomvuta upande wa pili.

Mwaka 1991, Zanzibar, chama kilichotawala kiliyalegeza masharti yale. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa, na ushindani ukaanza kuhitaji magari, vipaza sauti, mabango na wapambe. Nani alipe? Hapo ndipo mfuko wa tajiri ulipoingia mlangoni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la mila na desturi. Ndugu zangu, sisi watu wa pwani twajua ukarimu. Mgeni akija twampa maji na mkeka. Lakini ukarimu unaokuja kila baada ya miaka mitano tu, na kurudi kuchukua kura, huo ni biashara. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilisema hivyo kwa lugha yake: takrima ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa yambagua mgombea asiye na fedha na kufungua mlango wa rushwa.

Kumbukeni pia fedha za akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu, zile za EPA. Shilingi zaidi ya bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, mwaka uliokuwa pia na uchaguzi mkuu. Mambo hayo yalifanya Gavana wa Benki Kuu aondolewe kazini Januari 2008. Hatumsingizii mtu neno lisilothibitishwa. Twasema tu kwamba bilioni zile hazikupita katika mkanda wowote. Hakuna aliyeziambia zichangie huduma. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayotaka mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Sheria ni nzuri, lakini sheria haina macho. Macho ni yenu.

Sasa turudi hapa Kariakoo. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, ni nani aliyeisikia kwanza? Ni mama lishe wa Mchikichini anayemtumia mama yake fedha za dawa Kigoma. Ni kijana wa Mtaa wa Kongo anayemtumia mdogo wake nauli ya shule. Watu walilia, na mwezi Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Na Mei 2023 wafanyabiashara wa soko hili walifunga maduka kwa sababu ya usumbufu wa kikosi kazi cha kodi na agizo la kusajili stoo. Siku ya tatu, tarehe 17 Mei, Waziri Mkuu alikuwa Mnazi Mmoja akisikiliza malalamiko mbele ya umma. Je, nani aliwalipia wale wafanyabiashara? Hakuna. Kila mmoja alifunga duka lake kwa hasara yake mwenyewe. Ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kuwapigia simu na kuwaambia, sasa fungueni.

Hilo ndilo tunalotaka mlishike. Anayelipia siasa ndiye anayeulizwa kwanza wakati wa kupunguza matumizi. Mbunge aliyepelekwa Bungeni kwa fedha za watu watano atawaogopa watu watano. Ikifika bajeti na fedha hazitoshi, hatagusa msamaha wa kodi wa waliomlipia mabango. Atagusa zahanati, kwa kuwa wagonjwa wa zahanati hawakumlipia kitu. Walipewa kanga, na ile kanga ndiyo iliyokuwa malipo yao. Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Chama cha ukombozi kililipiwa vipi? Mtaa wa Lumumba hauko mbali na hapa. Zamani uliitwa New Street, na katika nyumba ya African Association ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu alipokwenda New York, Machi 1955, kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa haja ya Tanganyika, nauli yake ilitoka katika michango. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu wa Pugu na mshahara wake. Bibi Titi Mohamed akapita katika vikundi vya ngoma, akaandikisha akina mama kwa maelfu, na wengi wao walikuwa wauza vitumbua na wapika pombe. Mwaka 1956 ikaundwa UTP, chama kilichokuwa na baraka za Gavana Twining na fedha za wakubwa. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulipokwisha, TANU na wale iliowaunga mkono walikuwa wameshinda, na UTP ikafa. Senti za wauza vitumbua zilizishinda fedha za walowezi, kwa kuwa aliyetoa senti yake alikwenda pia kuilinda.

Mzee mmoja alituambia jana, "Wanangu, hata TANU ilikuwa na matajiri." Shikamoo mzee, umesema kweli. John Rupia alikuwa na mali na alitoa. Lakini Rupia alikuwa mwanachama na Makamu wa Rais wa chama, akibeba hatari ile ile waliyobeba wenzake. Hakukinunua chama kutoka nje. Huyu bwana wetu naye, mlango u wazi. Aje achukue kadi, alipe ada tunayolipa sote, akae katika benchi hili, na akitaka kugombea asimame aulizwe maswali.

Vijana nao wanasema, "Tule chake, kura tusimpe." Ni ujanja wa kuchekesha, lakini funguo za chumba zitakuwa mfukoni mwa nani? Siku tutakapotaka kufanya mkutano wa kumpinga, tutaufanyia wapi? Na ikiwa tumezoea kupokea, mwaka ujao atakuja mwingine mwenye fulana nzito zaidi.

Wapo wanaosema kwamba sisi ni maskini. Twajua. Ushuru wa meza, nauli ya daladala, mkaa, ada za watoto, yote tunayajua. Lakini fanyeni hesabu hii. Wanachama mia tatu wakitoa shilingi elfu moja kila mwezi, hiyo ni laki tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Kinachotuangusha si umaskini. Ni kwamba hatukuwahi kuonyeshwa fedha zetu zinakwenda wapi, na mtu hachangii mfuko asiouona ndani. Kosa hilo ni letu viongozi, na leo twalikiri mbele yenu.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo manne. La kwanza, zawadi ya bwana yule irudishwe kwa adabu na kwa barua. La pili, kila mwanachama alipe shilingi elfu moja kwa mwezi na apewe risiti, na asiye nacho mwezi huu aseme bila aibu, atalipa akipata. La tatu, hesabu za tawi zibandikwe kwenye mlango huu kila mwisho wa mwezi, mapato na matumizi, mpaka senti ya chai. La nne, sisi viongozi wa tawi hatutachukua posho wala nauli mpaka deni la kodi liishe. Mkanda uanze kwetu.

Tukisha kufanya hivyo tutakuwa na haki ya kumwuliza kila mgombea, awe wa chama chetu au cha wengine, maswali matatu: Nani amekulipia kampeni? Fedha za umma zikipungua utapunguza nini kwanza? Utaanza na posho na magari ya wakubwa, au na vidonge vya mama mjamzito? Mtu ambaye chumba chake kimelipiwa hawezi kuuliza maswali hayo. Sauti itamkwama kooni.

Ndugu zangu, jina Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya 1914 hadi 1918. Walikuwa Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi walikufa njiani. Mpaka leo watu wa hapa wanabeba, kichwani na kwa mikokoteni. Mzigo wa chama hiki ni mwepezi kuliko ile, na ni wetu. Tuubebe wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, daftari liko mezani, na sisi viongozi tumekwisha kuandika majina yetu ya kwanza. Sasa mikono inyoshwe.

Uhuru!