Tuanze na Gramu 50: Mgawanyo wa Kalori kwa Walaji wa Muhogo wa Uvira

Mafunzo ya lishe huzoea kugawa kalori kwa asilimia. Ripoti ya WHO na FAO ya mwaka 2003 ilitenga asilimia 55 hadi 75 ya kalori za siku kwa wanga, 15 hadi 30 kwa mafuta na 10 hadi 15 kwa protini. Viwango hivyo sivipingi. Ninachopinga ni kuvifanya mahali pa kuanzia katika mji ambao mama akifika soko la Mulongwe hununua kwanza unga, na fedha ikibaki ndipo hutafuta kitoweo. Kwa Uvira, na kwa wakazi wote wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwa muhogo, hesabu ianze na gramu za protini, yafuate mafuta, na ugali ujaze nafasi itakayobaki.

Sababu imo ndani ya unga wenyewe. Gramu 100 za unga wa muhogo zina kalori kama 350, lakini protini yake ni gramu moja na nusu hivi. Anayetaka kalori 2,000 kwa ugali mtupu atakula gramu 570 za unga na kuambulia gramu 9 tu za protini, ilhali mtu mzima wa kilo 60, kwa kipimo cha WHO cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito, anahitaji gramu 50. Atashiba na bado atapungukiwa. Hapa kuna pingamizi zito. Mwaka 1974 mtaalamu wa lishe Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet kwamba wataalamu walikuwa wameukuza mno upungufu wa protini, na kwamba tatizo la watoto wengi lilikuwa uchache wa chakula kizima. Kwa walaji wa nafaka hoja yake ina nguvu: kalori 2,000 za unga wa mahindi huja na gramu 40 na zaidi za protini, ingawa si protini bora. Muhogo hauna ukarimu huo. Mtoto anayeongezewa ugali wa muhogo anaongezewa kalori karibu tupu, kwa hiyo hoja ya McLaren inakoma pale nafaka inapokoma.

Tuipange basi sahani ya siku kwa mtu mzima huyo. Gramu 40 za ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwani, humpa gramu 24 hivi za protini, na gramu 100 za maharage makavu gramu 22. Unga wa muhogo gramu 350 huongeza 5, nasi tumefika 50. Tukitia vijiko viwili vya mezani vya mawese, jumla ya kalori inakaribia 2,000, na asilimia zinajitokeza zenyewe: protini kama 10, mafuta kama 15, wanga kama 75. Zimeingia ndani ya mipaka ya WHO, japo ukingoni. Tusiyaone mafuta hayo kuwa anasa. Mwili uliopungukiwa na kalori huichoma protini kama kuni, na samaki aliyenunuliwa kwa taabu anapotea bila kujenga kitu.

Wapo watakaosema mawese yanadhuru moyo, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda. Vijiko viwili vina gramu 14 hivi za mafuta hayo, yaani asilimia 6 ya kalori za siku, wakati ukomo unaoshauriwa ni 10. Lawama iwaendee wanaoyachemsha mpaka yapoteze wekundu wake, maana huo wekundu ndio chanzo cha vitamini A.

Pingamizi la bei, kwamba samaki ni ghali, ni gumu zaidi. Ziwa lenyewe limechoka: utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulikadiria kwamba kuongezeka kwa joto la maji kumepunguza mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ndagala wakiadimika, maharage yapande hadi gramu 200 na unga upungue kwa kiasi hichohicho cha kalori. Sombe, yaani majani ya muhogo, isaidie, bila kuchukuliwa kuwa mbadala wa samaki. Ila kuna upungufu usiotokana na bei. Katika nyumba nyingi baba hupewa samaki na watoto hupewa mchuzi wake, na mchuzi hubeba ladha tu, protini hubaki ndani ya samaki. Mtoto anayekua ndiye anayehitaji zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, naye ndiye anayehudumiwa mwisho.

Kwa hiyo ninawaomba wauguzi na wahamasishaji mliopo hapa: mkiwafundisha akina mama wa Kalundu, Kavimvira na uwanda wa Ruzizi, wekeni mizani na konzi ya ndagala mezani, andikeni gramu 50 ubaoni, na waiteni akina baba waje wasikilize pia.