Sindano na Ubongo wa Mtoto Mchanga: Yampasayo Mzazi Kuyajua



Mada yetu leo ni akupancha, tiba ya jadi ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili, pale inaponadiwa kuwa huponya ubongo wa mtoto mchanga ulioumia. Ubongo huo huweza kuumia kwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa umanjano uliopita kiasi. Nchini China sindano hizo hutumiwa hata hospitalini, nasi tunauheshimu ukongwe wa elimu hiyo. Hata hivyo, ukongwe wa tiba si uthibitisho wa uponyaji.

Mwaka 2013 watafiti wa Hong Kong walichapisha, katika maktaba ya kimataifa ya Cochrane, mapitio ya ushahidi kuhusu akupancha kwa watoto wachanga walioumia ubongo kwa kukosa hewa. Walitafuta majaribio yanayolinganisha kwa haki watoto waliochomwa sindano na wasiochomwa. Hawakupata hata moja lililokidhi vigezo vyao. Kwa hiyo hawakuipendekeza tiba hiyo.

Mzazi atauliza: mbona mtoto wa jirani alichomwa sindano, na baada ya miezi michache akaweza kukaa? Tunajibu kwamba mtoto hukua. Ubongo mchanga, hata ulioumia, huendelea kujifunza, na wengi walioumia kidogo hukaa, hutambaa na kutembea bila sindano yoyote. Tiba iliyotolewa katika miezi hiyohiyo hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na ukuaji. Ndiyo sababu ulinganisho ni wa lazima.

Kwa ulinganisho kama huo ilipimwa tiba ya kumpoza mtoto hospitalini, ambapo joto la mwili hushushwa hadi nyuzi 33 au 34 za Selsiasi kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa. Katika hospitali za nchi tajiri ilipunguza vifo na ulemavu. Lakini utafiti wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2021, haukuiona faida hiyo, vifo viliongezeka. Tiba hiyo ni ya wataalamu peke yao: mtu yeyote asijaribu kumpoza mtoto nyumbani.

Sindano nazo zina madhara yake: zisipokuwa safi huleta maambukizi, na utosi wa mtoto mchanga bado ni laini. Hasara kubwa zaidi ni wakati na fedha vinavyopotea huku mtoto akikosa huduma yenye manufaa: dawa za degedege, mazoezi ya viungo, mafunzo ya kumlisha bila kupaliwa, na vipimo vya macho na masikio.

Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2002 inamtaka mtoa tiba mbadala asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dai uoneshwe usajili huo, ukikumbuka kwamba usajili humtambua mtoa huduma. Hauthibitishi kila anachoahidi. Uliza ushahidi wake umetokana na ulinganisho gani. Uliza gharama yote kabla ya kulipa, na udai risiti. Hakikisha sindano ni mpya na pakiti inafunguliwa mbele yako. Akikuambia uache dawa za hospitali, ondoka na mtoto wako. Kuacha ghafla dawa za degedege huweza kuirudisha kwa nguvu.

Mtoto mchanga akipata degedege, akishindwa kunyonya au akilegea, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kumtafutia mwanao nafuu ni haki yako, na kuambiwa ukweli kabla hujafungua mkoba ni haki yako pia.