Juu ya Kuchanganya Kiswahili na Kifaransa: Maneno Tuliyosema Mbele ya Wafanyakazi



Leo hatuanzi na mshahara. Tunaanza na kinywa chetu.

Sisi watu wa Katanga tunachanganya lugha, na hatuoni haya. Babu zetu waliitwa kazini kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Rodezia, na Kiswahili kikawakutanisha. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, kwa Waingereza, nasi tukapata neno "motokari". "Kitabu" na "hesabu" ni maneno ya Waarabu. Nani analia juu yake? Watoto wetu wakisema "tutakomanse", wamelivalisha neno la Kifaransa nguo yetu: "tu" ni yetu, "ta" ni yetu. Huo si ujinga. Ni kanuni, na hakuna aliyewafundisha. Sokoni bei ya unga inatajwa kwa Kifaransa, na kila mama anasikia.

Lakini, wandugu, kuna mchanganyo wa namna nyingine. Mzee mmoja wa kwetu aliachishwa kazi. Karani kijana akamweleza karatasi: "Mzee, patro ana drwa ya kurompre kontra, paske preavi ilisha pita." Tazameni vizuri: karibu kamba zote ni za Kiswahili, karibu mzigo wote ni wa Kifaransa. Mzee akaitika "Ndiyo", akatia kidole. Alidhani preavi ni pesa atakazopewa. Kumbe ni siku za kuonywa mbele ya kufukuzwa, nazo zilikuwa zimekwisha!

Sisi tulikuwa pale. Tulinyamaza, kwa maana wengi wetu tuliona haya kusema kwamba neno lile hatulijui.

Haya hiyo ina asili yake. Wabelgiji walitawala kwa Kifaransa mpaka 30 Juni 1960, na baada yao Kifaransa kikabaki lugha ya serikali na ya sheria za kazi. Ndiyo sababu neno moja la Kifaransa linatosha kumfanya mtu mzima aitike kama mtoto wa shule. (Hata sisi wa komite tunapenda kusema "alori" tukitaka kuonekana wakubwa.)

Basi Jumapili hii tutasoma karatasi ya kontra neno kwa neno. Yule mzee atakaa mbele. Msomaji hatavuka mstari mpaka mzee aseme kwa maneno yake mwenyewe alichosikia.