Usilaumu Betri: Maradhi ya Dainamo katika Trekta Kuukuu

Jioni hii twapenda kunena nanyi habari ya maradhi yawasumbuayo wengi wenye matrekta makuukuu, nayo ni betri kufa kila asubuhi. Mvua ya kwanza imekwisha kunyesha, majirani walima, nawe wazungusha hendeli hata mabega yauma. Kisha waenda dukani kununua betri mpya, na baada ya juma moja nayo imekufa. Fedha ya mbegu imepotea bure, kwani mgonjwa hakuwa betri.

Na tutwae mfano wa Ferguson TE20, trekta ndogo ya kijivu iliyoundwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956. Umeme wake hufanywa na dainamo izungushwayo na mkanda wa feni. Hupita katika kisanduku chenye katauti, ndipo huingia katika betri ya volti 12. Basi yafaa tuufuate umeme katika njia yake.

Kwanza, tazama mkanda. Ukilegea huteleza, na dainamo haizunguki kama ipasavyo.

Pili, safisha vichwa vya betri, na mahali waya wake ulipofungwa kwenye mwili wa trekta. Katika trekta hii, kama ilivyotoka kiwandani, upande wa chanya ndio ufungwao mwilini. Usigeuze kwa kufuata desturi ya magari ya sasa. Wala usilete moto karibu na betri, kwa kuwa hewa yake hulipuka.

Tatu, pima kwa mita ya volti, waya wake mwekundu ukigusa upande wa chanya. Betri iliyoshiba, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi. Washa injini na kuiongeza mwendo: mita ikipanda karibu na 14, umeme waingia. Isipopanda, kosa li katika dainamo ama katika kisanduku.

Nne, tuwatenge hao wawili. Zima injini, ondoa nyaya mbili za dainamo, ya D na ya F, kisha unganisha vichwa hivyo viwili kwa kipande cha waya. Washa tena, upime kati ya vichwa hivyo na mwili wa trekta, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Volti zikipanda upesi kupita 14, dainamo ni nzima. Zima injini mara, zisivuke 20. Rudisha nyaya mahali pake, ukague zile za kisanduku, kisha mwite fundi. Skrubu zake usiziguse. Lakini zisipopanda, dainamo ndiyo mgonjwa. Fundi na aanze kwa kutazama kaboni zake, maana hulika kwa kazi, na bei yake ni ndogo kuliko ya betri.

Mwenye kupima kwanza hununua mara moja. Mwenye kukisia hununua mara tatu. Kwaherini.