Siri ya mutu isipite mukononi mwa mwengine



Leo tunazungumza juu ya maneno madogo: yale yanayoandikwa kwenye ekra ya telefone na ya mashini. Kuko atakayeuliza: kazi hakuna, barabara zimekufa, na nyinyi munatuletea habari ya ekra? Ndiyo. Juu mutu asiyeelewa ekra analazimika kumupatia mwengine siri yake.

Angalieni sokoni. Mama anauzisha unga, anapokea franga kwa telefone. Menu iko kwa Kifaransa. Anamwita kijana, anamupa telefone, anamutajia na kode yake mbele ya watu. Siku franga zikipotea, wanasema: mama hakuchunga kode. Lakini ile menu ilimuachia njia gani ingine?

Kura ni vilevile. Tarehe 30 Desemba 2018, na tena 20 Desemba 2023, inchi yetu ilipiga kura kwa mashini yenye ekra ya kugusa. Unachagua kandida kwa namba na picha, mashini inachapa karatasi, unaikunja, unaitia ndani ya sanduku. Kwa kijana aliyezoea smartphone, haichukue wakati. Kwa muzee asiyegusa ekra hata siku moja, mutu anasimama pembeni yake kumusaidia. Na mwenye kusimama pembeni anaona. Kifungu cha 5 cha Katiba kinasema kura ni ya siri. Ile siri inabakia wapi?

Haki yetu iko imeandikwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 1: Kifaransa ni lugha rasmi, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa, na Leta inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Lugha zingine za inchi, kama Kiluba chetu, Leta inapaswa kuzilinda. Na tusichanganye: Tshiluba cha Kasai hakiko Kiluba cha Kamina. Mutu wa programu akiweka Tshiluba, asifikiri amemaliza na sisi. Tena kuko sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu.

Lakini kutafsiri tu hakutoshe. Kiswahili cha wapi? Ukileta menu ya Dar es Salaam, imeandikwa «Thibitisha», «Ghairi», «Salio», mama wa Kamina atamwita tena kijana. Hapa tunasema «Kubali», «Acha», «Franga zinazobakia». Sisi tunasema kutosha franga, ni kuziondoa. Kule kutosha ni kuenea. Neno moja, maana mbili, na katikati yake kuko franga za mutu. Njo maana Kiswahili cha Kongo kimepewa kode yake kwa orodha ya lugha za dunia: swc. Mwenye kutengeneza programu hana sababu ya kusema hakujua kama tuko.

Vijana munaosoma informatiki, chungeni haya:

Neno moja kwa kazi moja. Ukianza na «Tuma», usibadilishe mbele «Peleka».

Kosa likitokea, semeni kilichotokea na cha kufanya. «Operesheni imeanguka» inatia mutu woga. «Franga hazikuenda. Ziko kwako. Jaribu tena» inamutuliza.

Pimeni urefu. Mesaji moja ya SMS inabeba herufi 160. Ukitia ê ya Kifaransa, inashuka hadi 70. Kiswahili hakina zile alama, kwa hiyo kinaingia vizuri hata kwa telefone ndogo.

Rangi peke yake haitoshe. Kuko watu wasiotofautisha nyekundu na kijani: andikeni na neno. Maandishi yawe makubwa, meusi juu ya nyeupe, yasomeke kwenye jua. Kwa asiyeona, ekra iseme kwa sauti, na kila kitufe kiwe na jina lake.

Na mupime na watu. Mupeleke kazi yenu kwa muuza mboga, kwa mutu wa moto, kwa muzee, kwa mutu asiyeona vizuri. Musimufafanulie kitu. Nyamazeni, muangalie fasi kidole kinasimama. Fasi kinasimama, njo fasi ya kurekebisha.

Kwa CENI tunaomba: mbele ya uchaguzi unaongojewa 2028, maneno ya mashini yaletwe kwa watu wa mitaa na vijiji, wayajaribu mapema, kwa Kiswahili cha hapa na kwa Kiluba, pamoja na sauti. Kwa makampuni ya telefone: menu ya Kiswahili ijaribiwe hapa Kamina, siyo Kinshasa peke yake.

Na sisi tusingoje. Kila mumoja wetu achukue mutu mumoja wa kwao, amufundishe kutumia menu, mupaka aweze kuandika kode yake yeye mwenyewe. Na wakati anaiandika, wewe geuza macho.